Mwenye Nyumba, Mwenye Meza: Ukarimu wa Wanawake katika Kanisa la Mwanzo na Hapa Bagamoyo

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu wanawake wa Kanisa la mwanzo, iwe kwenye jumuiya ndogo ndogo au kwenye semina ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), sisi watu wa Bagamoyo hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema: someni Biblia, wanawake walipika, walipokea wageni, waliwashonea wajane nguo, hiyo ndiyo nafasi yao na ni nafasi ya heshima. Upande wa pili unajibu kwamba walikuwepo viongozi, kina Fibi na Prisila, kwa hiyo msitufungie jikoni. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona wanakubaliana kwenye jambo moja, nalo ndilo lenye kasoro. Wote wanachukulia kwamba kukaribisha wageni ni kazi moja na kuongoza ni kazi nyingine. Katika miaka mia mbili ya kwanza ya Ukristo mambo hayo mawili hayakuwa yametengana hivyo.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kufikiria msafiri wa zama za Warumi. Barabara zilikuwepo na meli zilikuwepo, lakini nyumba za kulala wageni zilikuwa na sifa mbaya: wizi, ulevi, ukahaba. Mtu mwenye kujiheshimu alitafuta nyumba ya rafiki, au ya rafiki wa rafiki, akiwa na barua ya utambulisho mkononi. Injili ilisafiri kwa njia hiyohiyo. Katika Luka sura ya 10 Yesu anawatuma wanafunzi sabini bila mfuko, bila mkoba, bila viatu, akiwaambia waingie katika nyumba, waseme amani, wale watakachopewa. Mpango huo hausimami hata siku moja pasipo mtu wa kufungua mlango.

Sura hiyohiyo, mbele kidogo, inamleta Martha. Watu wengi husoma habari yake kana kwamba haina uhusiano na wale sabini, ndiyo maana mahubiri mengi humfanya mfano wa mwanamke anayeshughulika na masufuria badala ya Mungu. Lakini Luka anasema Martha alimkaribisha Yesu nyumbani kwake. Amefanya kile hasa ambacho Yesu alitaka nyumba zifanye. Anachoambiwa ni kwamba anahangaika na kufadhaika kwa mambo mengi, na kwamba dada yake hataondolewa pale alipokaa kusikiliza. Hakuna neno la kudharau chakula. Na katika Injili ya Yohane ni Martha huyuhuyu anayemkiri Yesu kuwa Kristo, Mwana wa Mungu, kabla Lazaro hajatoka kaburini. Mwanamke mwenye kukiri namna hiyo hawezi kupunguzwa hadi akawa mpishi aliyekosa ibada.

Baada ya ufufuko nyumba zinaongezeka, na nyingi zina majina ya wanawake. Yerusalemu kuna nyumba ya Mariamu mama yake Yohane Marko, ambako watu wamekusanyika usiku kumwombea Petro, na mtumishi Roda anakwenda kusikiliza mlangoni. Filipi kuna Lidia, mfanyabiashara wa vitu vya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Anabatizwa pamoja na nyumba yake, kisha anawabana Paulo na wenzake mpaka wakubali kukaa kwake. Wakitoka gerezani wanarudi kwa Lidia, na ndugu wako pale. Paulo anatuma salamu kwa Nimfa na kanisa lililo katika nyumba yake. Priska (ndiye Prisila) na mumewe Akila, mafundi wa mahema waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wanakuwa na kanisa nyumbani kwao Efeso na baadaye Roma, na ni wao wanaomchukua Apolo, msemaji hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Sasa jiulize kuwa na kanisa nyumbani kulikuwa na maana gani. Mwenye nyumba ndiye aliyejua nani anaingia. Mafuta ya taa, mkate na divai vilitoka kwake, au alihakikisha vimepatikana. Kama mgeni amekuja na barua, yeye ndiye aliyeamua atalala wapi na siku ngapi. Wenye mamlaka wakibisha hodi, mlango unaobishwa ni wake. Huwezi kubeba yote hayo ukawa huna sauti. Hata magomvi ya Kanisa la mwanzo yalihusu meza na mlango: Korintho wenye nacho walikula kabla maskini hawajafika, na Paulo akawaka; katika waraka wa tatu wa Yohane analaumiwa Diotrefe kwa kukataa kuwapokea ndugu na kuwafukuza wanaowapokea.

Fibi ndiye anayestahili muda mrefu zaidi. Paulo anamtambulisha kwa Warumi kwa mistari miwili tu, mwanzoni mwa sura ya 16: ni dada yetu, ni mhudumu wa kanisa la Kenkrea, apokelewe inavyopasa, asaidiwe kwa lolote atakalohitaji, kwa sababu naye amewasaidia wengi pamoja na Paulo mwenyewe. Utambulisho wa namna hiyo kwa kawaida ulikuwa wa mtu anayefika na waraka, kwa hiyo wasomi wengi wanaona kwamba Fibi ndiye aliyeupeleka Roma. Cheo alichopewa, diakonos kwa Kigiriki, yaani mhudumu au shemasi, ni kilekile ambacho Paulo anajiita nacho yeye mwenyewe na anawaita nacho wenzake wa kazi. Tusiseme ni ushemasi kamili kama wa leo, maana ngazi zile zilikuwa hazijapangwa bado. Tusiseme pia kwamba alikuwa mfagiaji.

Kenkrea ilikuwa bandari ya Korintho upande wa mashariki, mlango wa meli zitokazo Asia. Mtu wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa sana maisha ya mji wa namna hiyo, ambako kila siku kuna mtu anashuka na mzigo na hajui atalala wapi. Na tunaye mwanamke mwingine wa Korintho anayetusaidia kumwelewa Fibi, ingawa hakuwa Mkristo. Karibu na mji huo lilipatikana jiwe lenye maandishi ya katikati ya karne ya kwanza, zama zilezile za Fibi, linalomsifu Mrumi aitwaye Junia Theodora. Watu wa Likia, kusini mwa Uturuki ya leo, wanamshukuru kwa kuwapokea nyumbani mwake wasafiri na wajumbe wao, na kwa kuwasemea kwa wakubwa wa Kirumi. Kwa hayo walimtunukia taji la dhahabu. Huo ndio ukarimu ambao ulimwengu ule uliujua kwa mwanamke mwenye nafasi: nyumba, fedha, barua, na mdomo mbele ya serikali. Paulo aliposema Fibi amewasaidia wengi, Warumi walielewa uzito wake.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko sakafuni. Mwaka 2005, katika eneo la gereza la Megido huko Israeli, ilichimbuliwa sakafu ya mozaiki, yaani iliyopambwa kwa vijiwe vya rangi, ya jengo la ibada la Wakristo la karne ya tatu. Maandishi yake ya Kigiriki yanasema kwamba Akeptous, mwanamke mpenda Mungu, ametoa meza kwa ajili ya Mungu Yesu Kristo, iwe ukumbusho. Maandishi mengine palepale yanaomba wanawake wanne wakumbukwe: Primilla, Kuriake, Dorothea na Chreste. Akeptous alitoa meza ya Bwana, na kanisa lake likaona jambo hilo linafaa kukanyagwa na kusomwa na kila aingiaye.

Lakini je, Matendo sura ya 6 haitenganishi meza na Neno? Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, mitume wakasema haifai waache Neno wahudumie meza, wakachaguliwa watu saba. Ni kweli kazi ziligawanywa. Lakini waliochaguliwa kwa ajili ya meza walikuwa wanaume, wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, na wakawekewa mikono, ishara ya kukabidhiwa kazi takatifu. Kulisha wajane kulihitaji wawekewe mikono! Stefano wa meza ndiye aliyekuja kuhubiri hadi akapigwa mawe. Filipo wa meza aliibatiza Samaria, na miaka baadaye tunamkuta Kaisaria akimpokea Paulo nyumbani, akiwa na mabinti wanne wanaotabiri. Mtu akitumia sura hiyo kusema kwamba jikoni ni pa wanawake na Neno ni la wanaume, ameigeuza juu chini.

Wako pia mashahidi wasio wa kwetu. Karibu mwaka 112, Pliny, gavana wa Kirumi huko Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba ili kupata ukweli kuhusu Wakristo aliwatesa wajakazi wawili, ambao Wakristo wenyewe waliwaita wahudumu. Alitaka watu wanaojua mambo ya ndani ya kanisa, na akawachukua hao. Na mwanzoni mwa miaka ya 200, huko Karthago, katika Tunisia ya leo, Tertullian anamwonya mwanamke Mkristo asiolewe na mpagani, na katika kuonya anatupa ratiba nzima ya mwanamke wa kanisa bila kukusudia. Mume gani mpagani, anauliza, atamruhusu mkewe azunguke mtaa kwa mtaa, nyumba za maskini, kuwatembelea ndugu? Atoke usiku kwenda kusali? Aingie gerezani kuibusu minyororo ya mfiadini? Awaoshe watakatifu miguu, alete maji na chakula, ampe malazi ndugu aliyetoka mbali? Hapo hatuoni mwanamke wa kukaa ndani. Tunaona mtu ambaye kazi yake ya ukarimu inamtoa nje, usiku, hadi magereza.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa kwa kipimo chochote. Mwaka 251 Askofu Cornelius aliandika kwamba kanisa la Roma lilikuwa linawatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500.

Huko Siria, katika karne hiyohiyo ya tatu, maelekezo ya kanisa yanamtaja shemasi mwanamke na kueleza kwa nini anahitajika. Kuna nyumba ambamo askofu hawezi kumtuma shemasi mwanamume kwa wanawake. Na katika ubatizo wa mwanamke mtu mzima, aliyepakwa mafuta mwili mzima, ilifaa mwanamke ampake. Mtu wa pwani anaielewa sababu hii mara moja. Katika nyumba ya Kiswahili wanaume wanapokelewa barazani, na uani ni kwa wanawake. Katekista mwanamume anaweza kukaa baraza ya jirani mwaka mzima, akanywa kahawa na kupewa kila heshima, asijue kwamba uani kuna mama ameketi na uvimbe na hana nauli ya kwenda hospitali. Mwanamke mwenzake atajua kabla ya adhuhuri.

Kisha mambo yakabadilika, na sababu zake si za siri. Baada ya mwaka 313 Ukristo uliruhusiwa, makanisa makubwa yakajengwa, na ibada ikahama kutoka nyumba ya mtu kwenda jengo la umma, ambako hakuna mama mwenye nyumba. Ubatizo wa watoto ukawa ndio wa kawaida, haja ya kupaka mafuta wanawake wazima ikapungua. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325 unawataja mashemasi wanawake, ule wa Kalsedoni mwaka 451 unaagiza wasiwekewe mikono kabla ya miaka 40, ilhali katika Kanisa la Magharibi, mtaguso wa Orange, Ufaransa ya leo, wa mwaka 441 ulikuwa tayari umekataza wawekewe. Wasomi bado wanabishana kama kuwekewa mikono kwao kulilingana na kwa wanaume. Kwa hoja yangu hapa kilicho wazi kinatosha: ukarimu ulipoondolewa nyumbani kwa mwanamke, mwanamke alibaki na kazi akapoteza kiti.

Bagamoyo tumeirithi hadithi hii kwa namna yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868, na kijiji cha waliokombolewa utumwani kikakua kuzunguka misheni hiyo. Majina ya mapadre tunayajua: Horner, Baur. Wasichana waliokombolewa walilelewa na masista wa shirika la Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion, waliokuwa wametangulia Zanzibar tangu mwaka 1860. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani kwao, na liliwapokea wanawake weusi na weupe pamoja, wakiwemo waliowahi kuwa watumwa. Yaani baadhi ya mikono iliyowapokea watoto wale ilitoka katika ukoo wa minyororo ileile. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti kubwa zaidi kila wageni wanapotembezwa.

Wageni huonyeshwa mbuyu wa misheni wenye kipande cha mnyororo kilichozama ndani ya gome, na wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Inasimuliwa kwamba ni mnyororo wa Madame Chevalier, Mfaransa aliyehudumia wagonjwa Zanzibar kisha akaja kujitolea hapa, ambaye alikuwa akimfungia punda wake pale. Huduma yake imebaki kama maelezo ya mti.

Na wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, mwaka 1888 na 1889, watu wengi wa mji walikimbilia ndani ya misheni. Mahali pa namna hiyo panahitaji maji, uji, mahali pa kujifungulia na mahali pa kuzikia.

Leo kazi inaendelea kwa majina mengine. WAWATA ilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 2022 ilitimiza miaka 50. Bagamoyo ni mji wa mahujaji, na tangu mwaka 2025 ni makao ya jimbo jipya, kwa hiyo wageni hawakauki: hija, upadrisho, jubilei za masista, kipaimara. Kila shughuli ina kamati ya chakula, na kamati ya chakula ni wanawake. Jumuiya hii italeta mchele, ile mafuta na vitunguu, nyingine nazi, nyingine kuni. Saa tisa usiku moto umeshawashwa. Mnyama huchinjwa na Mwislamu ili majirani wote wale pamoja nasi, na kina mama wa Kiislamu huja kukuna nazi na kuchambua mchele, kama sisi tunavyokwenda kwao panapokuwa na harusi au msiba. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu nyama na dhamiri ya mwenzako mezani. Bagamoyo tumelitatua suala hilo kwa kisu cha jirani, na naliona ni jambo zuri kuliko hotuba nyingi za kuishi pamoja.

Lakini idadi ya wageni hupangwa kwenye kikao ambacho wapishi hawamo. Wajumbe wanakubaliana wageni mia tatu, kisha taarifa inashuka jikoni. Bei ya mchele anaijua mama aliyetoka sokoni asubuhi ile, na hakuna aliyemwuliza. Pengo linapotokea linazibwa kwa michango ya wanawake haohao, kutoka kwenye faida ya maandazi na samaki wa kukaanga. Kwenye hesabu za parokia utaona saruji, utaona mafuta ya gari, utaona vipaza sauti. Kilichotoka mifukoni mwao hukioni. Inaitwa kujitolea. Ningependa iandikwe kwenye daftari kama sadaka nyingine zote, kwa kiasi chake. Waraka kwa Warumi umeandika mchango wa Fibi, na sakafu ya Megido ikaandika wa Akeptous.

Kuna na ukarimu usio na sufuria, ambao hapa mjini naona ni mzito zaidi: kumwogesha mgonjwa ambaye ndugu zake wako mbali, kuwaosha marehemu wanawake, kulala matanga, kumpeleka binti mjamzito kliniki. Hakuna kamati yake, kwa hiyo hauna hata taarifa.

Ukarimu una mipaka pia, na Kanisa la mwanzo halikuona aibu kuisema. Maandishi ya zamani yajulikanayo kama Didache, ya mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, yanaelekeza kwamba mtume msafiri akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, ni wa uongo. Mgeni wa kawaida asaidiwe siku mbili au tatu, na akitaka kuhamia, afanye kazi ale. Wahenga wetu walifika palepale kwa njia yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasema hivi kwa sababu kina mama wengi hudhani kukataa ni dhambi, na matapeli wanaozunguka na habari za kuibiwa stendi wanalijua hilo. Mwenye mlango ana haki ya kupima anayeingia. Hiyo ni sehemu ya huduma yenyewe.

Mjadala wa vyeo nao haujafungwa. Papa Fransisko aliunda tume za kuchunguza suala la mashemasi wanawake mwaka 2016 na 2020. Mwaka 2021 aliwafungulia wanawake huduma rasmi za usomaji na ukolito, yaani utumishi wa altareni. Na hati ya mwisho ya Sinodi ya Oktoba 2024 inasema suala la ushemasi kwa wanawake linabaki wazi. Upande wa Waorthodoksi, mwezi Mei 2024 mwanamke mmoja aliwekewa mikono kuwa shemasi huko Harare, Zimbabwe, chini ya Patriarki wa Aleksandria. Wanaopinga hukumbusha maneno ya Paulo ya kuwataka wanawake wanyamaze kanisani, na maneno hayo yapo. Katika waraka uleule, sura tatu nyuma, anaeleza mwanamke avae vipi kichwani anaposali na kutoa unabii mbele ya watu. Makanisa yanaipima mistari hiyo kwa uzito tofauti, na siwezi kuimaliza hapa.

Lakini yapo yasiyosubiri Roma wala Aleksandria. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unaweka sharti kwa mjane anayeandikwa katika orodha ya kanisa: awe na miaka si chini ya 60, awe amelea watoto, amekaribisha wageni, amewaosha watakatifu miguu, amewasaidia wateswao. Sura mbili nyuma unaweka masharti ya askofu, na miongoni mwake ni kwamba awe mkaribishaji. Sharti la askofu na la mjane ni moja. Sisi tunapochagua halmashauri ya walei tunauliza nani amesoma, nani anajua kuongea, nani ana gari. Uchaguzi ujao tungeweza kuongeza swali moja, na kulijibu hakuhitaji ruhusa ya mtu: katika miaka mitatu iliyopita, ni nani amepokea watu nyumbani kwake?